Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwanza

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Wadodosaji wa Nyamagana na Ilemela wamefundishwa, mizani za jikoni zimehakikiwa, na dodoso la ulaji wa watu wazima, lile tunalolihakiki kama linasema kweli, limechapwa upya, sato, sangara na furu kila mmoja na mstari wake. Wanachama kwenye daftari ni 64, waliolipa ada ni 23, waliofika mkutano wa robo ya tatu ni 11. Akidi haikutimia. Mhazini ana orodha ya wadaiwa na ataisoma leo, majina yote.

Nije kwenye jambo linalosemwa zaidi vibarazani kuliko humu ukumbini: kwamba mwenyekiti anamaliza nauli za chama akisubiri mwezi uzame.

Dodoso linamuuliza mtu amekula dagaa mara ngapi mwezi uliopita. Kupima ukweli wa jibu hilo, tunamhoji alichokula saa 24 zilizopita, siku tatu zisizofuatana, mojawapo ya mwisho wa wiki. Baadhi yenu mlitaka siku zote tatu zibanwe ndani ya wiki moja, nayo ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, na sokoni Mwaloni Kirumba dagaa wabichi wanaadimika. Mama wa Igoma anayewala mfululizo wakati wa giza angeonekana hawali kabisa. Tungeandika kwamba dodoso linatia chumvi, kumbe siku tulizopimia ndizo mbovu. Kwa hiyo nilisimamia, na kamati ikaniunga mkono, siku moja iwe ya giza, moja ya mbalamwezi, moja ya katikati. Nauli imeongezeka, kweli. Posho haikuongezeka kwa sababu posho inatoka kwenye ada, na hesabu ya ada nimeshaisoma.

Lawama ya pili ni kuirudisha taarifa ya kamati ndogo iliyojivunia korelesheni nzuri, yaani namba inayoonyesha vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. Niliirudisha, na ikija vilevile itarudi tena. Dodoso likiongeza ugali wa kila mtu mara mbili, wa gramu 300 akaandikwa 600 na wa 400 akaandikwa 800, korelesheni inabaki 1 kamili, kwa kuwa kila mtu ameongezwa kwa uwiano uleule. Wanatakwimu Bland na Altman walilieleza hili mwaka 1986: chukua tofauti ya vipimo viwili kwa kila mtu, ichore dhidi ya wastani wa vipimo hivyo, kisha weka mipaka kwa kutoa na kujumlisha mikengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 1.96 kwenye wastani wa tofauti. Mipaka ikiwa mipana, dodoso linaweza kutenganisha wanaokula sana na wanaokula kidogo, lakini halifai kumshauri mgonjwa mmoja.

Na ugali unazidi kwa nini? Sinia. Mhojiwa anaonyeshwa picha za sahani, lakini nyumbani wanakula watano pamoja, basi anachagua picha kubwa iliyo sawa na bonge zima. Mpeni unga uliokandwa, amege tonge kama anavyomega mezani, lipimwe, kisha ataje matonge mangapi. Inachukua muda, na wenye haraka ndio wanaolalamika.

Halafu mpangilio. Dodoso linatangulia, mahojiano ya saa 24 yanafuata. Ukigeuza, mhojiwa ameshazoezwa kukumbuka, na dodoso linapendeza kuliko lilivyo. Timu mbili ziligeuza. Fomu zao zimewekwa kando na hazitalipiwa mara ya pili.

Wanaodai tupime mkojo wa saa 24 nawaelewa. Naitrojeni ya mkojo huonyesha protini iliyoliwa bila kutegemea kumbukumbu, wakati dodoso na mahojiano yote mawili yanategemea kumbukumbu ileile. Ila mtu akienda sokoni akajisaidia huko, dumu la kukusanyia linadanganya, na vidonge vya PABA, dawa inayomezwa na kutoka kwenye mkojo, vya kugundua hilo vinahitaji fedha na maabara. Kwa walipaji 23?

Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, bado havijapimwa ipasavyo, maana walaji wake wengi tutawapata kiangazi. Awamu hiyo tunatumaini kuifanya, hali ikiruhusu.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Ada inapokelewa kabla ya chai.