Yaya, kile kitabu kiache chini ya mashine

Yaya,

Mkubwa wangu, Jumapili nilipopanda Kadutu kukusalimu, nilikiona kile kitabu cha kujifunza kusoma nilichokununulia. Umekikunja mara mbili ukakisukuma chini ya mguu wa meza ya mashine ya kushonea, isiyumbe. Nikishuka Nyawera nilicheka peke yangu, halafu nikaona haya. Mtu mwenye wajukuu nimemletea picha ya bata!

Nakumbuka lile shati la baba. Ulitaka kujua kola inakaaje, na hakuna fundi aliyekubali kukuonyesha. Ukalifumua kwa wembe, mshono kwa mshono, ukalaza vipande juu ya karatasi ya mfuko wa simenti na kuvichora pembeni kwa mkaa. Kola ya kwanza ililala upande kama sikio la mbuzi. Ya tatu uliiuza. Leo unaniambia kichwa kimekauka, hakiwezi kujifunza kusoma?

Mmarekani mmoja aliyeshughulikia elimu ya watu wazima, Malcolm Knowles, alisisitiza jambo hilo miaka mingi: mtu mzima hujifunza akiona haja yake mwenyewe, na hujengea juu ya aliyokwisha kuyapitia. Huko Brazili, Paulo Freire alilifanya kwa vitendo. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, watu wazima wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa saa 40 hivi, kwa maneno ya kazi na maisha yao. Mwaka uliofuata wanajeshi walichukua nchi, wakamfunga. (Wenye bunduki na watu wanaojua kusoma, hayo tutaongea siku nyingine.)

Haja yako naijua. Katika daftari lako la vipimo, mke wa mchungaji umemchorea msalaba, muuza sambaza, wale dagaa wa Kivu, umemchorea samaki. Tarakimu unaziandika vizuri kuliko mimi. Ila mwezi jana walikuja wauza sambaza wawili, samaki wakawa wawili, na gauni la mmoja likaenda na mwenzake.

Basi tuanzie hapo. Pembeni ya kila samaki tuandike jina. Halafu bega, kiuno, mkono. Ukishajua "be" ya bega, "ba" na "bo" haziko mbali. Neno usilolihitaji, liruke. Mwalimu wa kukuchapa hayupo.

Jumamosi nakuja na kalamu tu. Wa kwanza utamchagua wewe. Mimi ningeanza na yule muuza sambaza wa kikwembe, kile kitenge cha bluu, maana bado anakudai gauni lake.

Mdogo wako