Mwana wa ami, ule wali

Assalaam alaykum mwana wa ami.

Video yako imefika. Imefika hata kwa watu ambao hukuwatumia, maana shemeji yako kaigawa ukoo mzima. Umejikunjia mkekani huko jangwa la Wahiba, Oman, kanzu nyeupe (nani anapika wali na kanzu nyeupe?), sufuria jipya halina hata alama ya masizi, na unawaambia wenzako wa Muscat: "Hivi ndivyo tulivyokuwa tukipika dago, kambi ya wavuvi."

Tulivyokuwa. Wewe na nani?

Tuanze na kazi kwanza, kazi haina ugomvi. Moto wako mkubwa mno. Ndimi zimepanda mpaka kwenye masikio ya sufuria, na ndiyo maana ulikuwa ukifunua kwa ncha za vidole huku unacheka. Chakula cha watu wenye njaa hakitaki ndimi, kinataka makaa. Hizo kuni za sumri ulizonazo, nimeulizia, ni jamii ya mgunga, na mgunga kaa lake ni la kutegemea. Ziache ziungue mpaka ziwe nyekundu ndani na jivu juu, ndipo utie sufuria. Na hayo mawe uliyoyaokota kwenye bonde la maji yaache. Jiwe lililokunywa maji likipata moto hupasuka, na kipande chake hakichagui jicho la nani. Sisi kisiwani Songosongo mafiga yetu yalikuwa matumbawe, nayo yana kasoro yake, unakumbuka: kila siku yanameng'enyuka kidogo kidogo yanageuka chokaa, na sufuria inalala upande wa bahari. Nilikuwa nachomeka kigae cha chungu chini ya figa la tatu. Wewe hukuwahi kukichomeka.

Halafu hukupalia. Umefunika wali ukauacha moto wote chini. Wali wa nazi, mchele unaingia kwenye tui jepesi likishachemka, maji yakikauka unamwagia kasimile, lile tui zito, unavuta kuni nje, unabakisha makaa machache, mengine unayapanga juu ya kifuniko. Usifunue. Unasikiliza. Ukisikia chini panatatarika polepole kama mtu anayetembea juu ya makuti makavu, matandu, ule ukoko wa chini, yameshika. Hapo epua. Mambo haya nilikufundisha mimi, kwa mkandaa uliotutoa machozi na makumbi ya nazi, upepo wa kusi unapiga mpaka nikachimba shimo na kukinga na mlingoti wa zamani. Gesi chini ya kisiwa kile ilishagunduliwa tangu 1974, na mwaka 1999 sisi bado tunapuliza moto kwa midomo, macho kama ya papa. Ilipoanza kwenda Dar es Salaam 2004 nilicheka peke yangu.

Watu 11. Mchele kilo tatu, nazi saba, na samaki wowote watakaoletwa. Kila siku, bamvua (maji makuu) mpaka bamvua. Kuna anayedhani kupika dago ni kazi ya aliyeshindwa na bahari. Baba yako mwenyewe alidhani hivyo. Lakini wavu wa jarife ukirudi mtupu, aliyewazuia mabaharia wasipigane ni nani? Ni tumbo lililoshiba.

Nimesema sitalitaja. Nalitaja.

Siku ile nilikutuma kisimani na madumu mawili. Ulikwenda alasiri, ukarudi jua linazama, na jasho hukuwa nalo. Mtu aliyebeba lita arubaini kutoka kijijini anarudi na jasho, mwana wa ami. Uliyajaza pale pale ufukweni, bao lilikuwa limekuchelewesha. Nikakuna nazi, nikakamua, nikapika. Mashua ikaingia usiku, watu wamelowa, hawajapata kitu ila samaki taa wawili wadogo. Nikapakua kwenye masinia mawili.

Ami alichota tonge moja. Akatafuna, akameza. Akauliza, "Kapika nani?"

Nikasema mimi.

Hakuuliza kateka maji nani. Alilibeba lile sinia kwa mikono yake miwili, yeye aliyekuwa akituokotesha punje mkekani moja moja, akaingia majini mpaka magotini, akalimwaga. Alipotoka akasema, "Nimemrejeshea mwenyewe." Wote wakacheka, njaa na yote. Na bamvua ile fungu langu likakatwa nusu.

Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya moto, sufuria katikati ya miguu, unakwangua matandu. Uliyala yote. Na chumvi ile, hukukunja hata uso. Miaka yote hii nimesema ule ulikuwa ujeuri.

Binti yangu yuko sekondari, nilimpa hesabu ya chumvi hiyo bila ya kumwambia sababu. Akaniambia lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Lita nne, gramu 140, ndani ya sufuria moja. "Baba, nani anaweza kula?" Nikamwambia ami yako mmoja yuko Oman.

Shaaban iliyopita, kabla mzee hajafariki, kila mgeni akiingia kumtazama alikuwa ananionyesha kwa kidevu: "Huyu ndiye aliyetulisha bahari." Anacheka mpaka anakohoa. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza ubavu, namlisha uji kwa kijiko, na bado ni huyu aliyetulisha bahari. Siku moja ulikuwa kwenye simu, sura yako imejaa kioo kizima, ukaisikia. Ukacheka nawe. Ulikuwa na mwanya wa maneno mawili tu: "Baba, nilikuwa mimi." Ukauliza kama dawa zimefika.

Dawa zilifika. Pesa za khitma pia zilifika, na zilikuwa nyingi, Mungu akulipe. Hilo silikatai mbele ya watu.

Nami sikumwambia. Kumsemea mwanawe mtu aliye kitandani ningefaidi nini? Nimekuhifadhia. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Lakini kwa kuwa nimeshika kalamu, tena nakuandikia hadharani jambo ambalo lilitaka mlango ufungwe: niliyaonja. Tui lilipochemka nilichovya mwiko nikaonja, kama mpishi yeyote. Nilijua kabla ya kutia mchele. Mchele ulikuwa bado mkavu kwenye ungo. Ningelimwaga lile tui, nikaazima maji kwa wale wa kambi ya pili, nikakuzaba kibao, yakaisha. Nikatia mchele. Nilitaka baba yako akuone siku moja. Nilikuwa na hakika atauliza habari ya maji.

Sufuria lile lipo kwangu, limepindika sikio moja, tunalitumia bado kwa mihogo. Ukija Idi usilete la kwako. Mchele nitanunua mimi, maji utateka wewe, nami nitakufuata nyuma mpaka kisimani. Halafu tukikaa motoni, upande wa moshi ni wako.