Ugali wa Wataliano kule Curaçao

Shosti,

Mambo vipi, Tanga wote wazima? Najua umeninunia kwa kimya changu ila ya leo itakupoza. Yule jirani yangu wa Rotterdam, mama wa Curaçao, si kanivuta hadi kwao, kisiwa kidogo cha Karibi, jirani kabisa na Venezuela lakini kiko chini ya ufalme wa Uholanzi, halafu badala ya kunilisha kwao akanipeleka hoteli ya Wataliano! Nikasema moyoni, yaani ndege yote ile nimekuja kula tambi?

Sa sikiliza. Hoteli yenyewe ya familia, iko mtaa wa Otrobanda, ng'ambo ya lile daraja lao linaloelea, baba Mtaliano yuko jikoni, mke mwenyeji wa hapohapo, watoto ndo wanapokea oda huku wanagombana kwa Kipapiamentu. Ilikuwa 17 Agosti, siku ya kumkumbuka Tula, mtumwa aliyeongoza uasi 1795 kuanzia shamba la Kenepa. Tula alijua Haiti wenzao washajikomboa, na Wafaransa wamefuta utumwa kwenye makoloni yao na Uholanzi yenyewe wameshaiteka, akasema basi na sie tuko huru. We unaona kosa hapo? Waholanzi wakamuua Oktoba mwaka huohuo, utumwa ukaja kufutwa 1863, na ushujaa wa taifa wamempa juzi tu, 2010.

Basi usiku huo pasta iliwekwa kando, ikaja funchi. Shosti, funchi ni ugali! Unasongwa kwa mwiko, jasho linakutoka, kila kitu. Zamani walisonga wa mtama maana kisiwa kikavu kile, kimejaa miti ya miiba, mtama ndo unaovumilia, siku hizi ni sembe ya mahindi. Na Mtaliano hakushangaa hata kidogo, kwao kaskazini ya Italia wanasonga ugali wao wa mahindi, polenta, na wenyewe ulikuwa chakula cha maskini. Anauacha upoe, anaukata vipande, anakaanga, anamwagia jibini. Mtamu vibaya mno.

Halafu giambo, hapo ndo nilitaka kulia. Bamia zinachemshwa na samaki na nyama ya chumvi (niliuliza kwanza habari ya mkia wa nguruwe maana wenyewe wanauweka, wakaniletea ya samaki mtupu), wanapekecha kwa kijiti cha matawi kinaitwa lélé, upekecho kabisa, mpaka unavutika kama mlenda wa bibi. Ndani wanatia rehani, na ndo kitu pekee Mtaliano anaruhusiwa kugusa, maana sufuria ni la mama mkwe na mama mkwe hacheki na mtu. Hicho ndo kilinifurahisha, mahoteli mengi ya watalii utamaduni wao ni bendera ukutani na ngoma mbili za kupigia picha basi, hapa mwenye chakula ndo yuko jikoni anafoka.

Sio yote alipatia. Kuna keshi yena, jibini zima la duara linatobolewa ndani linajazwa nyama na zabibu kavu na zeituni, yeye kajaza tambi, hapo alichemka, hata jirani yangu alisukuma sahani. Na bei usiniulize, mume wangu anaweza kusoma hii barua.

Mama mkwe alinibana kuhusu mlenda wetu, nikamwambia tunatia magadi, akaniangalia kama nimemwambia tunatia sabuni. Kwa hiyo naomba, mtu akija huku Rotterdam kabla ya Desemba mpe magadi kidogo na ule upekecho mpya wa sokoni, sio wa kwako uliokatika, jirani atampelekea akienda Krismasi. Niambie bei nikurushie kwenye simu.

Msalimie mama na wale watundu wako.

Wako wa Rotterdam