Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tulioutembea Wedding

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika leo,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi fedha sizigusi, ila niseme tu kwamba ada zimechelewa kama kawaida, na wanaodaiwa wanajijua. Mwezi wa tatu tulipoteza ukumbi. Mwenye jengo alipandisha kodi ghafla, nasi hatukuwa na pa kuitoa. Katibu akasema, kama hatuna pa kukaa basi tutembee. Kwa kuwa wengi wetu tulipofika Berlin tulianzia maisha kwenye eneo la mji liitwalo Wedding, na wengine tuko huko mpaka leo, tukakubaliana kila mwezi tutembee kipande kimoja cha Wedding, na mmoja wetu ajifunze habari zake mapema atusimulie. (Kwa mliojiunga karibuni: hutamkwa Veding, na hakuna arusi. Nimechoka kuwaeleza ndugu zangu nyumbani wanaoiona anwani yangu na kuuliza nani kaoa.)

Mnakumbuka tulivyobishana. Wengi mlitaka twende moja kwa moja kwenye mitaa yenye majina ya Kiafrika. Mimi nikashikilia tuanzie mto Panke, na siku ile kulinyesha, lawama zote zikawa zangu. Mto wenyewe ukiuona utaudharau. Lakini historia ya Wedding inaanzia kwenye kinu cha maji cha mto huo. Katika hati ya mwaka 1251, watawala wa Brandenburg wanawathibitishia watawa wa kike wa Spandau kinu kilichoko Panke, katika ardhi ya kijiji kilichokuwa kikiitwa Weddinge. Kilichokuwa! Kijiji kinaingia kwenye maandishi kikiwa kimekwisha kufa. Watu wameondoka, jina limebaki na kinu.

Mzee wetu wa Kilwa, ambaye huwa hasemi sana, akasema kwao mahali kama hapo panaitwa mahame. Neno hilo likatushika mwaka mzima.

Mwaka 1289 mahame hayo yakapewa mji wa Berlin. Kwa muda mrefu hapakuwa na la kusimulia, ni msitu na malisho, halafu kwenye karne ya 17 shamba la mtawala, na baadaye kitongoji cha nyumba chache. Kilichopaamsha ni maji. Karibu na Panke kulikuwa na chemchemi iliyosemekana inaponya, na kuanzia miaka ya 1750 mfamasia Heinrich Wilhelm Behm akajenga hapo nyumba za kuogea. Mwaka 1809 pakapewa jina la Malkia Luise wa Prussia. Watu wa mjini wakaja kuoga, nyuma yao wakaja wauza bia, na nyuma ya wauza bia mnajua wenyewe. Chemchemi imekwisha zamani, iliuawa na ujenzi wa mji. Nendeni mtaa wa Badstraße mwinue macho: kwenye ukuta wa jengo la pembeni kuna picha yake na maneno ya Kilatini yanayosema uzima umo katika chemchemi. Chini yake watu wanapita na mifuko ya soko.

Januari 1, 1861 Wedding ikaingizwa rasmi Berlin. Viwanda vikafuata, AEG ya vifaa vya umeme, Schering ya dawa na vingine, na wafanyakazi wakamiminika kutoka mashambani mwa mashariki ya Prussia. Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu tembezi la Ackerstraße ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Namba 132 na 133 palikuwa na jengo lililoitwa Meyers Hof, la miaka ya 1870, lenye nyua sita zilizofuatana kutoka barabarani kwenda ndani, na wakati wa msongamano lilikuwa na watu wapatao 2,000. Lilibomolewa 1972, kwa hiyo hakuna cha kuona. Mwalimu wetu wa Kiswahili cha watoto akaja na kamba. Kanuni ya ujenzi ya 1853 ilitaka ua uwe angalau mita 5.34 kila upande, ili mtambo wa zimamoto uweze kugeuzwa. Jua halikutajwa. Tukaitandaza kamba kwenye lami, vijana wanne wakashika pembe, sisi wengine tukaingia ndani. Mama mmoja akauliza, “Na nguo wanaanika wapi?” Hakuna aliyejibu.

Kutoka hapo tulivuka Bernauer Straße. Wakati wa Ukuta wa Berlin, nyumba za upande mmoja zilikuwa Berlin Mashariki na njia ya miguu iliyo mbele ya milango yao ilikuwa Wedding, sehemu ya Berlin Magharibi iliyosimamiwa na Wafaransa. Mtu akichungulia dirishani, kichwa kilikuwa magharibi. Tukaendelea mpaka Brunnenstraße 193, ambako si Wedding tena, kusoma kibao kidogo cha shaba kilichowekwa chini njiani kumkumbuka Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam, akawa askari wa jeshi la Wajerumani, akaja Berlin, akawa mhudumu wa hoteli na msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mzee wa Kilwa alisoma Fatiha. Wapita njia walitupisha.

Mengine nayapitia mbio: mwaka 1920 Wedding ikawa wilaya ndani ya Berlin Kubwa, ikajulikana kama Wedding Nyekundu kwa siasa za wafanyakazi wake, Mei 1929 polisi walipiga risasi mitaani, Kösliner Straße ikiwemo, na zaidi ya watu 30 wakafa mjini siku zile, mwaka 2001 wilaya ikavunjwa ikawa sehemu ya Mitte. Kwa lugha ya nyumbani, leo Wedding ni kata.

Sasa mitaa yenu, ile ya majina ya Kiafrika. Majina ya kwanza, Togostraße na Kameruner Straße, ni ya 1899. Karibu na hapo, Rehberge, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kuweka bustani ya kuonyesha wanyama na watu kutoka makoloni. Vita vya 1914 vikauzima mpango. Bibi yetu wa Tanga alipigwa picha chini ya kibao cha Tangastraße na ameshaituma kwa ukoo mzima. Pale Sansibarstraße vijana waliuliza Wajerumani walitawala Zanzibar lini. Hawakuitawala. Mkataba wa 1890 uliiacha kwa Waingereza, Wajerumani wakapata kisiwa cha Helgoland. Ugandastraße ni vivyo hivyo.

Na ile aibu yangu iingie kwenye muhtasari. Petersallee ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani yule wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, mwaka 1939 chini ya Wanazi. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba Peters ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi, kibao kikabaki kilekile. Agosti 23, 2024 hatimaye ikagawanywa majina mawili: Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee. Mimi nikawasimamisha chini ya kibao, nikaanza kuhutubia habari za Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji, maji ya uzima, na kunyongwa kwake Agosti 1905, mpaka bibi wa Tanga akanivuta koti: “Mwenyekiti, soma kibao.” Nilikuwa nimesimama kwa Anna Mungunda, mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek Desemba 1959. Tukamkumbuka kwanza yeye, kisha tukavuka uwanja wa Manga-Bell tukaenda panapostahili, Maji-Maji-Allee.

Huko ndiko mzee wa Kilwa alizungumza kwa kirefu. Alisema vita vya Maji Maji kwao havisimuliwi kwa mapigano bali kwa njaa. Majeshi yalichoma ghala na mashamba, na vijiji vya Ungindo vikabaki mahame, vingine msituni mpaka leo. Tulisimama kimya mbele ya nyumba za watu, na mtu mmoja wa ghorofa ya pili akafungua dirisha akatuuliza kama tumepotea.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Neukölln, uliokuwa mji ulioitwa Rixdorf mpaka 1912. Huko mtaa wa Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyemnyonga Abushiri Pangani, sasa ni wa mwanasiasa Lucy Lameck wetu wa Moshi tangu 2021. Tembezi la kwanza litaongozwa na bibi wa Tanga, mimi nimejiuzulu kazi ya kusoma vibao.

Kabla hatujaingia kwenye uchaguzi: ile kamba ya mita 5.34 haijarudi kwa mwalimu. Aliyeondoka nayo aiache mlangoni.