Risala ya Madereva wa Matenka, Matandiboi na Wahudumu wa Vituo vya Mafuta kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Ndugu wenye vituo vya mafuta mliofika,
Wanakikundi wenzangu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na hafla ya watu wanaonuka petroli si ya kugombewa. Karibu sana.

Mheshimiwa, sisi ni madereva wa matenka, matandiboi wao, na wahudumu wanaopokea mzigo kwenye vituo vya hapa Moshi na Arusha. Leo tunafunga mafunzo ya usalama tuliyojigharamia kwa michango yetu. Mafuta yanayomwagika hayahitaji risala. Nchi nzima inakumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, tulipopoteza zaidi ya watu 100 kwenye ajali moja ya tenka. Sisi tumekuja na jambo ambalo halimwagiki wala halionekani: mvuke wa petroli unaovuja kwenye magari yetu kila tunaposhusha.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea, unatambaa chini. Na mji wetu umekaa mteremkoni, kwa hiyo ukitoka kwenye gari unafuata mtaro kuelekea chini, ambako mara nyingi kuna mama lishe na jiko lake la mkaa, au kijiwe cha bodaboda ambapo mtu anawasha sigara. Ukichanganyika na hewa kwa asilimia 1.4 tu, tayari unawaka. Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu umetanda na upepo umelala, mvuke unakaa palepale tulipo.

Sasa unatokaje? Lita 5,000 zikiingia kwenye tanki la chini ya ardhi, lazima lita 5,000 za hewa iliyojaa mvuke zitoke humo. Kama kuna mpira wa pili unaorudisha mvuke kwenye gari, mvuke unaingia kwenye chumba cha tenka kilichoachwa wazi na mafuta, unasafiri nalo hadi depo, yaani ghala tunakopakia. Kama mpira huo haupo, unatokea kwenye bomba la kupumulia, mtaani. Juu ya gari nako tandiboi anafungua kifuniko ili hewa iingie, maana tenka lililofungwa kabisa wakati wa kushusha linaweza kubonyea. Tangu hapo gari liko wazi, na kijana amesimama juu yake, pua iko mlangoni.

Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, ina makadirio ambayo tumeyapigia hesabu wenyewe. Kujaza tanki la kituo kwa bomba linalofika chini hupoteza takribani gramu 0.88 za mvuke kwa kila lita. Kwa gari la lita 36,000 hiyo ni zaidi ya kilo 31, yaani lita 40 na kitu za petroli zilizoenda hewani. Mafuta yakimwagwa kutoka juu bila bomba hilo, hasara inazidi lita 60. Mpira wa kurudisha mvuke ukifungwa vizuri, inabaki kama lita mbili. Ndugu zetu wenye vituo, hizo ni pesa zenu.

Lakini mpira huo hausaidii kitu kama tenka lenyewe linavuja, na hapa ndipo penye kidonda. Panda juu ya magari mengi utakuta gasketi ya kifuniko, ile raba ya kuziba, imekatwa kwenye tyubu ya tairi. Inapatikana gereji yoyote kwa bei ya chai. Raba ile inanyonya petroli, inavimba, inakuwa laini, baada ya muda inakunjamana, na ukiweka mkono pembeni ya kifuniko gari likiwa juani unasikia ubaridi wa mvuke unaotoka. Gasketi halisi ya raba inayohimili mafuta ipo madukani, ila tajiri, yaani mwenye gari, anaona ghali. Valvu ya kupumulia nayo ikijaa vumbi la barabarani inakwama wazi, na hakuna anayejua.

Njia yetu inazidisha tatizo. Gari linapakia Tanga, usawa wa bahari, linapita joto la Same, linapanda hadi Arusha karibu mita 1,400. Kule juu mgandamizo wa hewa umepungua kwa takribani asilimia 15, kwa hiyo mvuke uliofungiwa pwani unatafuta pa kutokea njia nzima. Tukifika, ikionekana shoti, yaani mafuta yamepungua, dereva anakatwa mshahara. Hatusemi kila shoti ni mvuke. Wezi wapo, na tunawajua. Tunasema gari libovu lisihesabiwe kuwa dereva mwizi.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi. Petroli ina benzini, ambayo shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wahudumu wetu, wengi wao akina dada, wanaivuta kila siku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu. Tenka linapopelekwa kupimwa ujazo na Wakala wa Vipimo, tunaomba utufikishie kwa wahusika kwamba lipimwe pia kama halivuji. Kipimo kinajulikana: Marekani wanalijaza hewa tenka tupu hadi mgandamizo wa takribani milimita 450 za maji, yaani unaoweza kuinua maji kimo hicho, wanalifunga, wanasubiri dakika tano. Kwa kanuni yao ya miaka ya 1980, mgandamizo ukishuka zaidi ya milimita 75 tenka halipakii. Wanarudia kila mwaka. Kifaa chenyewe ni kompresa, geji na mtu mwaminifu. Huyo wa tatu ndiye adimu. Pili, kituo kipya kisipewe kibali bila bomba la kurudisha mvuke, na vya zamani vipewe muda. Tatu, mama lishe walio upande wa chini wa vituo watafutiwe eneo jirani lenye wateja. Wasifukuzwe, maana sisi ndio tunaokula kwao.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba mwanakikundi hashushi kabla ya kufunga waya wa ethi, unaopeleka umeme tuli ardhini usitoe cheche, na gasketi ya tyubu ikionekana anaandika kwenye daftari la gari na kumpa tajiri nakala.

Baada ya risala hii tunaomba upite nje. Tenka lililosafishwa, lisilo na mafuta, limeegeshwa pale likiwa limejazwa hewa kidogo. Tandiboi wetu atapaka povu la sabuni kwenye vifuniko vyote vinne. Viwili vina gasketi halisi, viwili vina tyubu.

Naomba kuwasilisha.