Barua kwa mwanangu anayehamia Laxton

Mwanangu mpenzi,

Juzi simu ilikatika kabla sijamaliza, na unajua baba yako jambo likimkaa rohoni halali. Umesema unahama Leicester, unakwenda kumtunza bibi wa miaka 87, wewe na yeye tu nyumba nzima. Mama yako aliposikia hilo la "tu" aliweka mwiko chini. Tunachouliza ni kimoja, mama: ukiteleza bafuni usiku wa manane, nani atajua?

Ulidhani nitauliza Laxton ni wapi. Napajua. Ile safari yangu ya Uingereza ya mwaka 1986, tulipopelekwa mabwana shamba kumi na mmoja kusoma, siku moja ya Novemba walitupakia kwenye basi tukashushwa hapohapo, Nottinghamshire, karibu na Ollerton. Udongo wake ni mfinyanzi mwekundu, mzito. Nilikuwa nimevaa buti za kuazima. Nilivuta mguu, buti ikabaki. Kwa hiyo la kwanza, nunua buti zako mwenyewe, za saizi yako, kabla ya kununua pazia.

Kile si kijiji kama vingine vya kwao. Kwingine mashamba ya wazi yalimezwa na sheria za kuzungushia ua, kila tajiri akakusanya vipande vyake mahali pamoja. Laxton yamebaki matatu, West Field, Mill Field na South Field, na ndani yake kila mkulima ana ngwe zake, moja huku, nyingine kule, bila ua katikati. Mwaka mmoja shamba linapandwa ngano, mwaka unaofuata mazao ya masika, wa tatu linapumzika. Mtu hawezi kuamua peke yake apande nini. Wanasema yamepona kwa sababu mabwana wawili wenye ardhi, Earl Manvers na Earl of Scarbrough, hawakuelewana namna ya kubadilishana vipande. Ugomvi wao ndio uliyaokoa, kitu ambacho mwalimu wetu alikisema huku akicheka, mimi sikucheka.

Ramani yao ni ya mwaka 1635. Aliichora mtu aitwaye Mark Pierce, akaweka kila ngwe mahali pake, na humo ndani ukitazama vizuri kuna watu wadogo wadogo wanalima na kuvuna. Asili yake iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Mimi nilionyeshwa nakala, nikasimama mbele yake mpaka wenzangu wakaniita mara mbili. Miaka 350, na mtu anaweka kidole anakwambia: hapa ndipo.

Sasa sikiliza hili, ndilo linanifanya niandike. Wakulima wale hawakai mashambani. Nyumba zao zimepangana kijijini, kwenye barabara ileile, kwa sababu mashamba yametawanyika pande zote. Maana yake hutakuwa porini. Ukitoka mlangoni kuna mlango mwingine. Basi usikae ndani ukingoja mtu aje. Wazungu hawaji, wanaona wanakusumbua. Piga hodi wewe. Siku ya kwanza, nyumba tatu kulia, tatu kushoto, sema jina lako, sema unamtunza nani, waachie namba ya simu. Saa kumi jioni mwezi wa Desemba giza limeshaingia, kwa hiyo piga hodi mchana.

Najua utasema, "Baba, hata wewe." Ndiyo.

Tulifika siku ya ukaguzi. Wana baraza lao tangu enzi za kati, wanaliita Court Leet. Kila mwisho wa Novemba wazee wa baraza, wote wakulima, wanalizungukia shamba lililopandwa ngano kuona nani amelima akapita mpaka wake. Nilimwona mzee mmoja amesimama, akafumba jicho moja, akapima kutoka kigingi hadi kigingi. Jembe la mtu lilikuwa limekula nyasi za njia. Upana wa kiganja, mwanangu. Kiganja! Wakagongelea kigingi kipya, jina likaandikwa, na mwenye ngwe alikuwa papo hapo, mmoja wao, anatikisa kichwa uso umemwiva. Wiki inayofuata baraza linakaa baani, Dovecote Inn, wanatozana faini ndogo, wanakunywa pamoja.

Ile siku ya masale, yale ya mpaka wetu na baba yako mdogo, ulikuwepo, sina haja ya kukueleza. Nitasema tu kwamba nilipoyapanda upya mvua ilikuwa imefukia mashimo ya zamani, mtu angeweza kukosea. Hatua mbili. Labda tatu ukifika kwenye mparachichi. Sisi hatukuwa na Mark Pierce.

Tuliache hilo. Cheti chako cha uuguzi nimekitia fremu, kiko sebuleni, kila mgeni lazima akisome, hata fundi wa umeme. Lakini mkataba ulisaini Jumanne, sisi tukaambiwa Jumapili. Siku tano hizo ulikuwa unamuuliza nani? Au ndiyo hivyo, mtu akizoea kuamua peke yake anasahau kwamba ana wenzake? Sikulaumu. Nauliza.

Kanisa lao ni la Mtakatifu Mikaeli. Nenda hata kama huelewi nyimbo zao, watakuona, na Jumapili usipoonekana watauliza. Ndani kuna sanamu ya mwanamke wa zama za kale, mke wa Adam de Everingham, imechongwa kwa mbao wakati sanamu za mabwana ni za mawe. Nilimgusa mkono, nikakaripiwa. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha ngome ambayo mawe yake yameisha zamani. Usipande peke yako jioni. Nimesoma pia kwamba ardhi yenyewe serikali ilinunua mwaka 1952 isije ikavurugwa, ikapita mikononi mwa Crown Estate, shirika la mali za ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 ikarudi Thoresby, milki ya ukoo uleule wa Manvers. Muulize huyo bibi unayemtunza, hayo yote atakuwa ameyaona. Bibi anayesimulia halali mchana, na usiku na wewe utalala.

Ile pesa ya mabati imenunua mabati, isipokuwa ya upande wa jikoni, ambayo imekwenda kwenye bomba. Mama yako hajui, usimwambie mpaka Pasaka. Dawa zake za presha anameza. Akiona zimebaki mbili anaanza kumeza nusu, nimemkataza. Migomba ya chini imeanguka na upepo, nimeiwekea miti.

Nitumie namba ya jirani mmoja. Mmoja tu, ukishapiga hodi.

Baba yako mdogo alisimama juzi upande wake wa mparachichi akauliza umefikia wapi. Nikamjibu. Ng'ombe mweusi anazaa wiki hii, mama yako analala na tochi kando. Akizaa jike tutapiga usiku huohuo. Akizaa dume utasikia Jumapili.

Baba yako