Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Bonde mmetuletea mlangoni

Mheshimiwa Diwani,

Salaam, na pole na majukumu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza, maana viti vyote viko uani vinaanikwa pamoja na godoro la mama. Maji yameingia tena, usiku wa kuamkia Jumapili. Safari hii yalikaribia soketi ya ukutani, ikabidi mwanangu apapase gizani kuzima meni swichi.

Mvua zikianza hapa Dar es Salaam, huwa tunawasikia viongozi redioni: wanaoishi mabondeni wahame. Sawa. Desemba 2011 tuliona yaliyowakuta wenzetu wa Jangwani na Kigogo, hadi wengine wakahamishiwa Mabwepande. Lakini sisi, Mheshimiwa, hatukujenga bondeni. Marehemu mzee alinunua kiwanja kilichopimwa, akapandisha msingi kozi tano. Ukitoka barabarani ulipanda ngazi tatu ndipo ufike barazani. Leo unashuka mbili. Nyumba haijatitia, barabara ndiyo iliyopanda: greda linakuja, kifusi kinamwagwa juu ya kifusi, kinashindiliwa, picha zinapigwa, greda linaondoka. Bonde hatukulifuata. Mmetuletea.

Pale kona ya msikitini palikuwa na kalavati. Nadhani lilifukiwa greda lilipopita mara ya mwisho, au labda limejaa mchanga na chupa za plastiki. Mimi si injinia. Ninachojua ni kwamba maji yote ya juu yalikuwa yakivukia pale, na sasa yanavukia sebuleni kwangu.

Usidhani tumekaa tu tukiisubiri serikali. Tumejenga kizingiti cha tofali mlangoni, na mama kwa magoti yale sasa anashikwa mkono kukivuka kama mtoto. Viroba vya mchanga tumepanga. Gata tumefunga, maji ya bati yanaingia kwenye simtanki. Mwaka jana nilibandua plasta yote ya chini, ilikuwa imevimba na kutoa chumvi, nikapiga upya kwa saruji na dawa ya kuzuia maji niliyouziwa kwa bei ya mbuzi mzima. Jumamosi maji hayakuhangaika na mlango. Yalitokea chooni. Shimo lilijaa, yakarudi na kila tulichowahi kupeleka huko, na kile kizingiti changu kikabaki na kazi moja: kuyazuia yasitoke.

Wakati wa kampeni ulikaa kwenye baraza hili hili, ukanywa uji wa mama, ukasema suala la mtaro unalichukua wewe mwenyewe. Umelichukua kweli, maana hatujaliona tena. Nimeleta barua mbili ofisini. Ya kwanza niliambiwa bajeti imeshapita. Ya pili niliambiwa ile ya kwanza haionekani. Hii ya tatu nimeona niiweke mahali ambapo kila mtu ataiona.

Siombi lami. Siombi fidia ya godoro. Mtaro wa mawe ukija nitashukuru, usipokuja nitavumilia kama nilivyozoea. Naomba lile kalavati la kona lifukuliwe kabla masika hayajakolea. Tuma vijana wanne na sururu, chai nitapika mimi, na viti vitakuwa vimeshakauka. Kalavati tu, Mheshimiwa. Hata kesho.

Wako mtiifu,
Mkazi wa nyumba iliyo chini ya barabara